Paka wa Lyon waliokosa usingizi

Katika misitu ya Kongo huota mti mmoja mdogo ambao majani yake hutoka kwenye tawi matatu matatu au manne manne, na matunda yake yakiiva huwa mekundu. Wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia vomitoria. Tangu zamani wazee wa sehemu nyingi za Afrika walitumia mizizi yake kumtuliza mtu mwenye wazimu. Mti huu una ndugu yake huko India, na Wahindi nao, bila kuonana na wazee wetu, walimpa mwenye wazimu mizizi ya ndugu huyo. Mwaka 1952 wataalamu wa kiwanda cha Ciba, mjini Basel katika Uswisi, walitoa ndani ya mzizi wa Kihindi kile kitu chenyewe kinachotuliza, wakakiita reserpini. Kitu hicho hicho kimo katika mti wa kwetu, na ndiyo sababu kwa miaka mingi mizizi yake ilichimbwa Kongo ikapelekwa ng'ambo kutengenezwa dawa.

Nimeanza na mti huu kwa kuwa dawa yake ina sehemu kubwa katika habari nitakayoeleza. Ni habari ya waganga waliotaka kujua usingizi hutoka wapi. Walitumia dawa, walitumia paka, wakapata jibu zuri ambalo dunia nzima ililisifu. Kisha jibu lile likavunjika mikononi mwao wenyewe.

Zamani watu wengi, hata wenye elimu, walidhani usingizi ni kama taa iliyozimwa: mwili umechoka, ubongo unanyamaza, basi. Mwaka 1929 Mjerumani Hans Berger, mganga wa wagonjwa wa akili mjini Jena, alitangaza kwamba ubongo wa mtu hutoa umeme kidogo sana, na kwamba umeme huo waweza kuandikwa juu ya karatasi kama mstari unaopanda na kushuka. Mtu akiwa macho mawimbi yake ni madogo na ya haraka. Akilala sana yanakuwa makubwa na ya polepole, kama yale mawimbi mazito ya Tanganyika tufani ikiisha kupita. Halafu mwaka 1953, mjini Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman waliona kwamba mara kadha katika usiku macho ya mtu aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope, na ukimwamsha saa hiyo mara nyingi atakueleza ndoto. Mwanafunzi mwingine wa Kleitman, William Dement, aliona jambo kama hilo kwa paka mwaka 1958. Lakini hao walihesabu kuwa ni usingizi mwepesi tu, wa mtu anayekaribia kuamka.

Aliyesema sivyo ni Mfaransa, Michel Jouvet. Alizaliwa mwaka 1925 katika Lons-le-Saunier, mashariki ya Ufaransa. Akawa mganga, akaenda California kujifunza habari za ubongo kwa bingwa Horace Magoun, kisha akarudi Lyon. Wala hakuwa akitafuta usingizi. Alitaka kujua kama paka aliyeondolewa tabaka la juu la ubongo aweza bado kujifunza jambo. Ili asikose kuona kama mnyama ameshtuka, alimtia waya nyembamba ndani ya ubongo na nyingine katika misuli ya shingo, akakaa kungoja. Katika kungoja, paka akalala. Na alipolala likatokea jambo ambalo halikutazamiwa. Kila baada ya muda, mstari wa misuli ya shingo ulinyooka kabisa, maana yake shingo imelegea kama kamba. Lakini wakati huo huo ubongo ulikuwa ukiandika mawimbi ya haraka, kama ya mnyama aliye macho! Macho yalikimbia, sharubu na vidole vilitikisika. Ungedhani paka huyo ataamka sasa hivi, kumbe ni vigumu kumwamsha kuliko mwanzo. Baada ya dakika tano, sita, mambo yakarudi kama kawaida, na muda ukipita yakaanza tena.

Jouvet na wenzake walitangaza habari hiyo mwaka 1959, na baadaye akaupa usingizi huo jina lake: usingizi wa kinyume. Kinyume, kwa sababu ubongo ni kama wa mtu aliye macho na mwili ni kama wa maiti. Ule mwingine, wa mawimbi makubwa, tuuite usingizi wa polepole. Kwa Jouvet usingizi wa kinyume haukuwa usingizi mwepesi wala mzito, bali hali ya tatu, mbali na kukesha na mbali na kulala kwa kawaida. Paka mzima huishi katika hali hiyo muda wa saa tatu na zaidi kila siku. Mbwa wako anayebweka kwa sauti ndogo karibu na moto, na miguu yake inarukaruka, yumo humo.

Basi swali lilikuwa hili: ni nini kinachomtoa paka katika kukesha na kumtia katika usingizi wa polepole, na kutoka huo kumtia katika ule wa kinyume? Kwanza Jouvet alitumia kisu. Akikata hapa na pale katika ubongo alionyesha kwamba usingizi wa kinyume hutoka sehemu iitwayo daraja, kule chini ubongo unapokaribia uti wa mgongo. Mwaka 1965, yeye na Delorme waliharibu mahali padogo sana katika daraja hilo, na paka wakafanya jambo la kuogofya: wakiwa katika usingizi wa kinyume, hawakulegea tena. Waliinuka, wakanyata, wakapiga makucha hewani, wakipigana na kitu kisichokuwapo, na mawimbi ya ubongo yakionyesha kwamba wamelala.

Lakini kisu huonyesha mahali, hakionyeshi ni kitu gani kinachofanya kazi pale. Hapo ndipo dawa zilipoingia.

Chembe za ubongo huongea kwa kutupiana matone madogo ya vitu mbalimbali. Kimoja huitwa asetilikolini. Mwaka 1962 Jouvet alionyesha kwamba atropini, dawa inayozuia asetilikolini, huondoa usingizi wa kinyume wa paka, na eserini, inayoiongeza nguvu, huurefusha kwa paka aliyebakiwa na ubongo wa chini tu. Eserini ilitoka wapi? Katika harage la Calabar, huko Nigeria, lile ambalo wenyeji waliwanywesha watu walioshtakiwa uchawi ili kupima kama wana kosa. Wazee wetu wanajua mwavi ni nini, hawahitaji maelezo. Ndiyo hiyo sumu ya mwavi ikawa chombo cha kupimia usingizi.

Vitu vingine ambavyo chembe hutupiana ni serotonini, dopamini na noradrenalini. Na hapa yafaa turudi kwenye mti wetu. Mwaka 1955, huko Bethesda katika Marekani, Pletscher, Shore na Brodie waligundua kwamba mnyama akipewa reserpini, serotonini ya ubongo wake hupotea karibu yote. Upesi ikajulikana kwamba dopamini na noradrenalini nazo hupotea. Reserpini hazizuii zisitengenezwe. Inatoboa ghala, na mali inamwagika. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, mjini Lund katika Uswidi, aliwapa sungura reserpini, nao wakalala chini, masikio yameanguka, hawasogei. Kisha akawadunga dopa, ambayo mwilini hugeuka dopamini. Baada ya dakika chache masikio yalisimama, sungura wakaanza kutembea. Kwa njia hiyo ya kutafuta ilianza tiba ya wagonjwa wa kutetemeka, na Carlsson alipata tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Jouvet aliona kwamba njia ile yamfaa kwa usingizi. Mwaka 1964, pamoja na Mjapani Junji Matsumoto, aliwapa paka reserpini, nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili. Dawa hii watu waliiita ya kutuliza, na kweli paka alitulia, akakaa kimya kama sanamu. Bali hakulala! Kwa muda wa saa 12 hivi mawimbi ya usingizi wa polepole hayakuonekana, na usingizi wa kinyume ulichelewa zaidi, hata siku nzima. Nawaomba wasomaji washike jambo hilo, maana hata leo twachanganya kutulia na kulala. Paka wa Matsumoto alikuwa ametulia kabisa, na usingizi hana.

Kisha wakajaribu kujaza ghala lililomwagika. Walipomdunga paka 5-HTP, kitu ambacho mwilini hugeuka serotonini, usingizi wa polepole ulirudi upesi, na ule wa kinyume haukurudi. Walipomdunga dopa badala yake, usingizi wa kinyume ndio uliorudi mapema. Angalia namna mambo yalivyopangika vizuri: serotonini mlinzi wa usingizi mmoja, ndugu zake dopa walinzi wa usingizi wa pili.

Mwaka huo huo wa 1964, katika Stockholm, Dahlström na Fuxe walichapisha ramani ya chembe hizo. Walitumia njia iliyovumbuliwa na Falck na Hillarp: kipande chembamba cha ubongo wa panya hutiwa mvuke wa formalini, na chini ya hadubini chembe za serotonini hung'aa rangi ya manjano, za noradrenalini na dopamini hung'aa kijani. Chembe za manjano zilionekana zimepangwa katikati ya ubongo wa chini, juu ya mstari ambao waganga huuita rafe, yaani mshono. Jouvet alichukua ramani hiyo, akaharibu mshono wa paka. Kwa siku tatu au nne za kwanza hawakulala kabisa, na baadaye walilala kidogo sana. Tena kadiri serotonini ilivyopungua, ndivyo usingizi ulivyopungua.

Mwaka 1966 ikaja dawa nyingine, paraklorofenilalanini, ambayo waganga huiita PCPA. Koe na Weissman, wa kiwanda cha Pfizer huko Marekani, walionyesha kwamba hiyo haitoboi ghala bali inafunga kiwanda: serotonini haitengenezwi, na vitu vingine haviguswi sana. Huko Lyon Jouvet, Delorme na Froment walimdunga paka mara moja tu. Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika, maana akiba ilikuwa bado. Siku ya pili usingizi ulianza kumtoka, akakesha usiku na mchana, na ilichukua siku nyingi kabla ya kurudia hali yake. Lakini ukimpa 5-HTP kidogo sana, paka yule yule aliyekesha alijikunja akalala, usingizi wa polepole na wa kinyume, muda wa saa kadha. Dawa ikaisha, akaamka tena.

Ushahidi upi ungeshinda huo? Unafunga kiwanda, usingizi unatoweka. Unaleta mali kwa mlango mwingine, usingizi unarudi. Mwaka 1969 Jouvet aliyaandika yote hayo katika gazeti la Marekani liitwalo Science, na kwa miaka michache kila mwanafunzi wa uganga alifundishwa kwamba serotonini ndiyo inayoleta usingizi. Mimi nadhani ningalikuwapo ningaliamini vilevile.

Msomaji mwenye huruma atauliza juu ya paka. Swali ni la haki. Wanyama wale waliumia, wengi waliuawa ubongo wao ukatwe na kutazamwa, na sisi tuliofaidika na dawa zilizotokea hatuna budi kulikumbuka hilo.

Sasa tueleze namna nyumba hiyo ilivyoanguka. Ufa wa kwanza ulitoka kwa Dement, ambaye sasa alikuwa Stanford, California. Yeye hakutoa PCPA mara moja. Aliwapa paka kila siku. Mwanzo walikosa usingizi kama wale wa Lyon, wakawa wakali, wakakodolea macho vitu ambavyo mtu hakuviona. Lakini baada ya siku nane hivi, dawa ikiendelea na serotonini ikiwa bado chini kabisa, usingizi ulirudi, sehemu kubwa ya ule wa zamani. Kama serotonini ndiyo mama wa usingizi, mtoto huyu alizaliwa na nani?

Ufa wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1976 McGinty na Harper, katika California, waliweza kutia waya nyembamba sana na kusikiliza chembe moja moja za mshono, paka akiwa mzima na huru. Kama Jouvet alisema kweli, chembe hizo zingefanya kazi sana wakati wa kulala. Ikaonekana kinyume. Zilipiga sana paka akiwa macho, zikapunguza alipoingia usingizi wa polepole, na katika usingizi wa kinyume zikanyamaza karibu kabisa. Na ufa wa tatu ulitoka nyumbani kwa Jouvet mwenyewe. Cespuglio na wenzake, katika Lyon, badala ya kuharibu mshono waliupoza kwa baridi ili usinyamaze ila kwa muda mfupi. Paka hakukesha. Alilala!

Yafaa kumsifu mtu mahali anapostahili. Jouvet hakuficha majaribio yaliyoangusha maneno yake, na mojawapo lilitoka katika nyumba aliyoiongoza na kubeba jina lake. Wakubwa wangapi wangalimwambia kijana wao aweke karatasi hizo sandukuni?

Lakini paka walikuwa wamekesha kweli, na 5-HTP iliwalaza kweli. Hakuna aliyesema uongo. Kosa lilikuwa katika kuruka kutoka jambo moja hadi jingine: dawa imerudisha usingizi, kwa hiyo kitu kile ndicho usingizi wenyewe. Maji yakirudishwa katika gari, gari hutembea tena, wala hakuna fundi anayesema ni maji yanayosukuma magurudumu. Mwaka 1989 Lin, Sakai, Jouvet na wenzao walichukua paka aliyekosa usingizi kwa PCPA, wakamtia tone dogo la muskimoli, kitu kinachopatikana katika uyoga fulani wa Ulaya, sehemu ya nyuma ya hipothalamasi. Muskimoli hunyamazisha chembe. Paka akalala bila serotonini yo yote. Basi hakukosa kitu cha kumlaza. Alikosa kuzimiwa kile kinachomkesha. Katika sehemu hiyo hiyo ziko chembe za histamini, na ndiyo maana dawa nyingi za zamani za mafua na za kujikuna, ambazo huzuia histamini, humtia mtu usingizi.

Wengine watauliza: na malale yetu? Ugonjwa huo nao ulipimwa kwa mawimbi ya ubongo, kwa njia iliyotoka katika kazi hizi. Mganga Mfaransa Alain Buguet na wenzake waliwapima wagonjwa usiku na mchana, kati yao wa Brazzaville na wa Côte d'Ivoire. Waliona kwamba mgonjwa wa malale, ukijumlisha saa zake zote, halali kupita mtu mzima kwa kiasi kikubwa. Usingizi wake umetawanyika tu, vipande vipande, mchana na usiku. Na mara nyingi huingia katika usingizi wa kinyume moja kwa moja, bila kupita kwanza katika ule wa polepole, jambo ambalo mtu mwenye afya halifanyi. Akitibiwa vema, mpango unarudi.

Kuna ugonjwa mwingine wa namna hiyo, narkolepsi, ambao humwangusha mtu mchana, pengine kwa kucheka tu: misuli inalegea kama ya paka wa Jouvet, na akili iko macho. Katika miaka ya 1980 Jouvet alikuwa kati ya wa kwanza kuwapa wagonjwa hao modafinili, dawa ya Kifaransa inayomkesha mtu bila kumtia wazimu wa haraka kama dawa za zamani. Chanzo chenyewe kilijulikana mwaka 1999, kwa msaada wa mbwa wa Stanford waliozaliwa na ugonjwa huo na wa panya wa Texas: kilichoharibika ni kitu cha ubongo kiitwacho oreksini, kilichogunduliwa mwaka mmoja tu kabla.

Mwaka huo wa 1999 Jouvet, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, aliandika makala juu ya usingizi na serotonini, akaipa jina lenye maana ya habari isiyokwisha. Alikufa mwaka 2017. Pierre-Hervé Luppi na wenzake wa Lyon, waliorithi kazi hiyo, wameonyesha kwamba usingizi wa kinyume huanzishwa na chembe za daraja zinazotupa glutamati, si noradrenalini wala dopamini, na karibu kabisa na mahali ambapo Jouvet alikata kwa kisu. Serotonini na noradrenalini kazi yake ni kuuzuia. Jambo hilo laeleza pia yale yaliyoonekana Lyon mwaka 1965, waganga walipowapa paka nialamidi, dawa ya wenye huzuni inayozuia serotonini na ndugu zake zisiharibiwe: usingizi wa kinyume ulitoweka siku tatu, nne. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 twajua kwamba watu waliopewa dawa za jamii hiyo waweza kukaa miezi bila usingizi wa kinyume, nao hawakupata wazimu, ingawa watu wengi waliogopa hivyo. Hata dawa nyingi za siku hizi za wagonjwa wa huzuni huupunguza usingizi huo, na mgonjwa anayeziacha ghafula mara nyingi huota ndoto nyingi na kali kwa siku kadha, kwa sababu ubongo unajilipa deni lake.